Muulize Fundi: Nyundo ya mota haianzi na mota

Shikamoo fundi. Mimi ni mhunzi, nina banda Magongo. Nafua patasi, tezo, majembe na vile vyuma vya mbuzi za kukunia nazi. Kijana aliyekuwa akinipigia nyundo amehamia Mariakani, nimebaki peke yangu na bega linaniuma. Nimepata mota ya hospawa mbili iliyotoka kwenye msumeno wa mbao, nzima kabisa. Nataka kujitengenezea nyundo ya mota. Nimeona picha za zile za springi za lori na za zile zinazoendeshwa na tairi la gari. Nifuate ipi, na kichwa kiwe cha kilo ngapi? Rafiki yangu asema kwa mota hiyo niweke kilo 50.
*Mhunzi wa Magongo*

Marahaba mwanangu, na pole kwa bega. Rafiki yako mshukuru kwa nia njema, lakini hizo kilo 50 muachie mwenyewe.

Umenieleza mota, umenieleza kichwa, springi na tairi umezitaja. Fuawe hukuitaja. Karibu kila barua ya nyundo inayonifikia iko hivi: mtu keshapata mota, sasa anaitafutia kazi. Mimi ningeanza upande wa pili, kwa kile kinachokaa chini ya chuma cha moto.

Kichwa kikishuka, pigo lake linagawanyika. Sehemu moja inaingia kwenye chuma na kukibonyeza, hiyo ndiyo unayoitaka. Nyingine inaisukuma fuawe chini na kutikisa sakafu, hiyo umeilipia stima bure. Mgawanyo wake unategemea uzito wa fuawe ukilinganisha na wa kichwa. Fuawe ikiwa na uzito mara mbili tu ya kichwa, theluthi nzima ya pigo inapotelea chini. Ikiwa mara 10, chuma kinapata sehemu 10 katika kila 11. Ikiwa mara 20, kinapata 20 katika 21. Piga hesabu mwenyewe: kutoka mara 2 hadi 10 umefaidi sana, kutoka 10 hadi 20 umeongeza kidogo tu, na wabebaji umewalipa maradufu. Lenga mara 10. Ukipata 15, umebahatika.

Sasa tuje kwa kilo 50 za rafiki yako. Zataka fuawe ya nusu tani. Utaivutaje hiyo mpaka Magongo, kwa mkokoteni gani? Patasi, tezo na chuma cha mbuzi si kazi kubwa hivyo. Kichwa cha kilo 25 kitakutosha na kubaki, na fuawe yake ni kilo 250, ambayo wanaume wanne na bomba za kuviringishia wataiweza.

Mombasa tuna bahati moja ambayo mafundi wa bara wanatuonea wivu, nayo ni skrapu ya meli. Zunguka kwa wauza vyuma vikuukuu wa Shimanzi na Changamwe, uliza kipande cha shafti ya propela au mhimili wowote mnene wa mviringo. Enda na futi. Mhimili wa chuma wenye kipenyo cha milimita 150 una kilo 139 hivi kwa kila mita, wa milimita 200 una kilo 247. Huo wa 200, ukiukata sentimita 90, ukausimamisha wima, ukauchomelea bamba nene chini na ukaufungia uso wa kufulia juu, umeshafika kwenye kilo zako 250 au karibu sana, na uso wa kufulia unakuja usawa wa kiuno, pale pale unapotaka koleo likae. Kitu kimoja kilichosimama wima kinashinda vipande vingi vilivyofungwa pamoja. Ukikosa, chukua vipande vya chuma kinene cha mraba, vichomelee kwa urefu wake wote, si kubandika nukta nukta. Bomba lililojazwa konkriti usiniletee. Konkriti haina uzito wa chuma hata kwa theluthi, na ukianza kuipiga inavunjikavunjika ndani kwa ndani bila wewe kuona.

Reli za gari la moshi usiguse, hata uuziwe kwa bei ya mchicha. Biashara ya vyuma vikuukuu ina sheria yake tangu 2015, muuzaji lazima awe na leseni, na kipande cha reli bandani kwako ni kesi inayosubiri askari. Nunua kwa mwenye leseni, dai risiti, iweke.

Nikishataja shafti ya meli siwezi kupita bila hili. James Nasmyth, yule Mskoti aliyechora nyundo ya mvuke mwaka 1839, alichora kwa sababu hapakuwa na nyundo ya kuweza kufua shafti ya magurudumu ya meli ya Great Britain. Wenye meli wakabadili nia, wakaweka propela, shafti ile haikufuliwa tena. Nyundo yenyewe ikabaki, ikaenea viwandani kote.

Haya, springi au tairi? Kwako wewe nasema tairi.

Ya springi bapa za lori inafanya kazi, sikatai, na kuna watu wamefulia miaka. Ila springi ile inapinda na kunyooka mara mia mbili na zaidi kwa dakika, na mafundi wetu hawawezi kuona chuma wasikitoboe. Springi ukiitoboa au ukiichomelea, hapo hapo ulipoitia moto au tundu ndipo itakapokatika. Ukiamua kuifuata, ibane kwa bolti za yu kama ilivyokuwa imebanwa kwenye lori, na uizungushie mnyororo au kizimba cha chuma, maana ikikatika haikuambii.

Ya tairi iko hivi. Unachukua habu ya gari dogo na beringi zake, unaifunga juu ya nguzo, unavalisha rimu na tairi lililojazwa upepo. Mbele ya habu unaweka bamba lenye pini iliyokaa nje ya kati. Sentimita 7 kutoka kati zinakupa mwendo wa sentimita 14 juu na chini. Kwenye pini hiyo inaning'inia mikono, springi, na kichwa kinachopanda na kushuka ndani ya njia yake. Mota inakaa kwenye bamba lenye bawaba karibu na tairi, na kwenye shafti yake kuna rola ya chuma. Ukikanyaga pedali, rola inasogea na kulikandamiza tairi. Kanyaga kidogo, rola inateleza na nyundo inadonoa polepole. Kanyaga sana, inakwenda mbio. Ukiachia, rola inatoka. Klachi umeipata bila kununua klachi, na mota inaanza kuzunguka haina mzigo, kwa hivyo haivuti stima nyingi kwa mkupuo na kuzimisha taa za jirani.

Kabla hujachonga rola, soma kibao cha mota. Mota za misumeno ya mbao mara nyingi ni zile za mizunguko 2,800 na kitu kwa dakika, nyingine ni 1,440 hivi. Nyundo ya kilo 25 unataka igonge kama mara 250 kwa dakika. Tairi la rimu 13, lile la 175/70, lina kipenyo cha sentimita 57 na nusu. Kwa mota ya 1,440, rola ya milimita 100 inakupa 250 kamili, na ukitoa kuteleza kwa tairi inakuwa pungufu kidogo, hapana neno. Kwa mota ya 2,800, rola iwe nusu yake, milimita 50. Ukikosea hapa, ukaweka rola ya 100 kwenye mota ya mbio, kichwa kitapiga karibu mara 500 na nguzo itatembea sakafuni. Hospawa mbili, kwa njia, ni nyingi kuliko unavyohitaji. Kuna watu wanaendesha kichwa cha uzito huo kwa hospawa moja.

Lipo jambo moja linalowachanganya wengi siku ya kujaribu. Umeme ukiwa umezimwa, zungusha tairi kwa mkono mpaka pini ifike chini kabisa, kisha chungulia. Kichwa kisiguse uso wa chini. Kibakize nafasi, kiasi cha unene wa chuma unachofua mara nyingi, tuseme sentimita 2 na nusu. Mtu akiona hivyo hudhani amekata mkono mfupi, anaongeza urefu mpaka kichwa kiguse. Asiongeze! Mashine ikishika kasi, springi inanyooka na kichwa kinashuka chini zaidi ya pale pini inapofika, kinapiga na kurudi kwa mjeledi. Ukikishusha kiguse kikiwa kimetulia, ukitia chuma kinene pini haina pa kwenda, na kinachokatika ni bolti au beringi. Acha sehemu ya kurekebisha, nati mbili kwenye skrubu nene zinatosha, ili siku ya kufua jembe upandishe na siku ya patasi ushushe.

Upande wa pili wa pini chomelea kipande cha uzito wa kusawazisha, la sivyo nguzo yote itacheza. Njia ya kichwa ivalishe shaba au nailoni na uitie mafuta kila asubuhi, kwa hewa yetu hii ya chumvi chuma kwa chuma kitashika kutu usiku mmoja. Nyuso za kufulia zikate kwenye ekseli ya lori, zifunge kwa kabari, usizichomelee moja kwa moja kwenye fuawe maana zitalika na utataka kuzibadilisha. Siku ya kuzibadilisha weka gogo la mbao chini ya kichwa kabla ya kutia mkono. Swichi iwe mahali unapoifikia ukiwa umesimama kazini, na masikio yazibwe.

Koleo likae ubavuni kwako, pembeni mwa nyonga, kamwe lisielekee tumboni. Chuma kilale bapa juu ya uso wa chini. Kikiwa kimeinuka hata kidogo kwa nyuma, pigo la kwanza linakirusha mwisho wa koleo juu, na mkono wako uko hapo. Mtu mgeni wa mashine aanze na kipande kirefu kisichohitaji koleo, mpaka mguu wake uizoee pedali.

Umesema majembe, kwa hiyo najua unafulia springi na vyuma vya magari. Shokabso nzima usitie motoni. Ina mafuta na imezibwa, inalipuka. Na bomba au chuma chochote chenye rangi ile ya fedha ya zinki, kisafishe kwanza au kiache. Moshi wake mweupe utakulaza na homa.

Assalaam aleikum. Nyumba yetu ni ya kale, iko Kuze, ya ghorofa. Aliyepanga chumba cha chini ameweka nyundo ya mota. Akiiwasha vikombe vinatembea kabatini na chokaa inamwagika kutoka darini. Nimemwambia, anasema ameiweka juu ya mpira mnene kwa hivyo haina dhara. Ni kweli?
*Mama wa Kuze*

Waaleikum salaam dadangu. Si kweli, na chokaa inayomwagika imeshakujibu kabla yangu.

Mpira chini ya fuawe unapunguza mtetemo, haumalizi. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimelala juu ya boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo unabeba uzito vizuri sana ukiwa umetulia, ndiyo maana zimesimama miaka yote hiyo. Kutikiswa kila dakika mamia ya mara ni jambo jingine. Chokaa inaachana na jiwe taratibu, na boriti ambayo kichwa chake kimeoza ndani ya ukuta, huijui mpaka ishuke. Na msingi ukiwa juu ya mwamba wa matumbawe ndiyo mbaya zaidi, maana mwamba unabeba mtetemo mpaka nyumba ya tatu.

Mwambie kwa upole, mbele ya mwenye nyumba, ahamishe nyundo. Tanuru na nyundo ya mkono abaki nazo mkiridhiana. Akikataa, pitia kwa mzee wa mtaa kwanza. Kanuni za kelele na mtetemo zipo tangu 2009 na NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira, ndio wenye kuzisimamia, lakini jirani ni jirani, huko ufike mengine yakishindikana. Picha za nyufa zipige sasa, na tarehe, usingoje ugomvi.

Nyundo hizi mahali pake ni bandani, kwenye kiwanja, juu ya konkriti iliyomwagwa peke yake isiyoshikana na msingi wa jengo lolote, na mbao ngumu au mpira wa mkanda wa viwandani chini ya fuawe. Mhunzi wa Magongo, hapo hata wewe sikiliza.

Fundi, mimi ni seremala wa vyombo, naunda na kukarabati majahazi. Misumari ya kufua kwa mkono imekuwa adimu na wanaoifua wamezeeka. Nyundo ya mota inaweza kunifulia misumari?
*Seremala, Bandari ya Kale*

Nusu ya kazi inaweza, mjomba. Msumari wa jahazi una mwili wa mraba unaopungua kuelekea ncha, na kichwa kipana cha kuvimba. Mwili ndio unaokula muda na jasho, na hapo nyundo ya mota ni mkombozi. Tengeneza nyuso mbili zenye mteremko kidogo, chuma cha mraba kilichopashwa moto ukikipeleka na kukizungusha robo kila pigo, kinajinyoosha chenyewe kuwa na ncha. Kwa misumari ya kiasi cha kidole, hata kichwa cha kilo 15 ni kikubwa.

Kichwa cha msumari kifue kwa mkono, kwenye chuma chenye tundu la mraba. Ni mapigo machache tu, na jicho linataka kuona kila moja. Nyundo ya mota itakipasua au kukipeleka upande.

Tumia chuma laini, si springi. Msumari wa chuma kigumu ukitaka kukunja ncha yake kwa ndani unakatika. Ukishafuliwa upeleke ukachovywe zinki ya moto, usifue chuma kilichokwisha kuchovywa, sababu nimeieleza hapo juu. Ile pamba ya mafuta ya kuzungushia chini ya kichwa sina haja ya kukufundisha, wewe ndiye mwenye chombo.

Fundi, nina kompresa ya karakana ya matairi, hospawa mbili, tangi lita mia. Je, naweza kuachana na habari za tairi na springi, nikaweka silinda ya upepo ikagonga?
*Kijana wa Kisauni*

Nyundo za upepo zipo na ni tamu: mwendo wake unaushika vizuri kuliko za mota, na zinaweza kubana chuma na kukishikilia. Kompresa yako ndiyo haitoshi. Nyundo ya kichwa cha kilo 20 na kitu inakunywa upepo mfululizo, inataka kompresa ya hospawa 5 hivi na tangi kubwa. Yako itajaa, utapiga kwa muda mfupi sana, kisha utakaa unaisikiliza ikijaza huku chuma kinapoa. Kwa bei ya kompresa mpya, silinda na vali, ya tairi unaijenga na chenji inabaki.

Ukisisitiza, punguza kichwa mpaka kilo 10, na kila jioni fungua koki ya chini ya tangi umwage maji. Upepo wa hapa una unyevu mwingi, na maji yakifika kwenye vali na silinda ndiyo mwisho wa mashine.

Msomaji wa Likoni aliyeomba ramani yenye vipimo vyote: ramani sitoi, kwa sababu skrapu utakayoipata wewe siyo aliyoipata mwenzako, na ukilazimisha kipimo cha karatasi utanunua vyuma usivyovihitaji. Niandikie saizi ya tairi ulilonalo, yale yaliyoandikwa kwenye kibao cha mota, na unene wa kipande cha fuawe utakachopata. Rola na urefu wa mikono nitakupigia hesabu toleo lijalo.